Picha za mama zetu wa Kipushi: tutapataje majina yao?

Mjukuu wa Kipushi
Ninawasalimu wote. Nkambo yangu aliniachia kopo la biskuti lenye picha 53 za wanawake wa Kipushi, mji wa mgodi ulio umbali wa kilomita kama 30 kutoka hapa Lubumbashi, na nyingine bado zimeshikana na kurasa za albamu. Ninataka kuzitundika katika ukumbi wa parokia, ili mama hao waheshimiwe mbele ya wajukuu wao. Lakini nyuma ya nyingi pameandikwa tu kwamba ni mke wa fulani, pamoja na namba ya kazi ya mume. Katika picha moja, mama wanane wamesimama mbele ya fwaye, nyumba ya kuwafundisha wanawake kushona na kazi za nyumbani, na vitambaa walivyovitarizi. Wa mwisho kushoto ameficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, maana kiatu kimepasuka. Nitajuaje ni akina nani, na ni miaka ipi?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, umefanya vema. Tazama muhuri wa studio: ukikuta Élisabethville, picha ilisafishwa kabla ya 1966, mji wetu ulipoitwa Lubumbashi, ukikuta Zaire, ni baada ya Oktoba 1971. Ile namba ya mume ina historia yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi, ilitaka wafanyakazi wakae kambini miaka mingi, ikawaruhusu kuishi na wake zao, na mama akaingia katika vitabu vya kampuni kupitia kwa mumewe, kwa ajili ya posho na nyumba. Vitabu hivyo havikuandika shamba alilolima wala unga aliouza. Karo yangu mimi ilitoka katika unga huo. Mgodi uliposimama mwaka 1993, nyumba nyingi ziliishi kwa biashara ndogo za mama, kwa hiyo tafadhali usionyeshe picha za kabla ya uhuru peke yake.

Fundi Picha
Usizibandue zilizoshikana na albamu. Ziskani hapohapo zilipo, kwa nukta 600 kwa inchi. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, kwa kuwa wino hupenya hadi usoni. Ukumbini tundika nakala, na chini ya kila moja acha nafasi nyeupe ambamo mgeni anayemtambua mtu ataandika.

Mama wa Ruashi
Kabla ya kutundika, waulize watoto wao. Miaka iliyopita niliingia katika maonyesho fulani nikamkuta mama yangu mzazi ukutani, chini yake pameandikwa «mwanamke wa kambi». Hakuna aliyetuuliza, wala aliyetaka kujua anaitwa nani, nami nilitoka nikilia. Dada yangu mkubwa ana miaka 86 na alijifunza kushona katika fwaye ya Kipushi. Mletee picha mojamoja, na usianze kwa kumuuliza jina. Muulize kwanza kikwembe, kilinunuliwa wapi na nani mwingine alikuwa nacho. Akishakumbuka kitambaa, jina hufuata. Njoo Jumapili baada ya misa.

Mjukuu wa Kipushi
Asante sana, mama. Nitakuja, na nitaanza na yule wa kushoto.