Asiyetengeneza kishimo chake kwenye grini aongezewe pigo?

Mwenzetu mmoja tunayecheza naye gofu ametoa hoja, na wengi wamemuunga mkono: "Ada nimelipa, kedi anayenibebea mfuko wa fimbo nimemlipa, na wakata nyasi wana mshahara wao. Kuinama kutengeneza kishimo si kazi yangu." Mimi napinga, tena nataka klabu ziende mbali zaidi. Anayeacha kishimo kilichochimbwa na mpira wake ulipoangukia grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye tundu la kulenga, bila kukitengeneza aongezewe pigo moja, na kwenye gofu mapigo mengi ni hasara.

Kanuni za gofu zinaruhusu. Tangu mwaka 2019, Kanuni ya 1.2 inaipa kamati ya klabu au ya mashindano uwezo wa kuweka mwongozo wake wa mwenendo wenye adhabu ndani yake. Pasipo mwongozo huo, mchezaji anatarajiwa tu kuutunza uwanja, asipoutunza haongezewi kitu. Mwaka huohuo tuliruhusiwa pia kusawazisha mikwaruzo ya viatu kwenye grini kabla ya kupiga, jambo lililokuwa limekatazwa.

Nilibeba mifuko miaka mingi kabla sijamiliki fimbo, kwa hiyo nayasema haya kwa magoti yangu. Nyasi za grini hukatwa zikabaki milimita 3 au 4 hivi. Mpira ukishuka kutoka juu unaacha alama kama ya kitako cha kikombe cha kahawa kilichodidimizwa. Mwenye mpira yuko kwenye simu. Kedi anashika bendera, anafuta mpira, anaulizwa mteremko unaelekea wapi, na kundi la nyuma limeshasimama kwenye feawei, njia ya nyasi inayoelekea grini, linasubiri. Kishimo kinasahaulika. Niliwahi kusimamishwa kazi siku tatu kwa kishimo cha mteja, naye akacheza kesho yake kama kawaida.

Na hata wanaoinama, wengi hukosea. Wanachomeka kiuma, kifaa kidogo cha kutengenezea kishimo, katikati na kuinua udongo kama wanaong'oa muhogo, mizizi inakatika na baadaye pale panabaki doa la kahawia. Chomeka pembezoni mwa kishimo, sukuma nyasi zielekee katikati, zunguka hivyo pande zote, kisha gandamiza kwa fimbo ya kupatia, ile ya kusukumia mpira kwenye grini. Hata dakika haiishi.

Kuhusu feawei, wapinzani wangu wana hoja nzuri na ninaikubali. "Rudisha kipande ulichong'oa", yaani kipande cha nyasi kinachong'olewa na fimbo unapopiga, ni fundisho linalofaa nyasi za nchi za baridi kama Uingereza. Huku pwani tuna bermuda, nyasi inayotambaa, na kipande kilichong'oka mara nyingi hukauka kabla hakijashika. Dawa yake ni mchanga: jaza, sawazisha kwa soli ya kiatu, nyasi itapita juu yake. Basi klabu itoe kwanza chupa za mchanga ndipo imdai mchezaji. Lakini shimo lisiachwe wazi, kwa sababu mpira wa mwenzako ukilala humo kwenye feawei kanuni hazimpi nafuu yoyote, ataupiga ulipo.

Wengine wanauliza nani atashuhudia. Yule yule anayeandika alama zako kwenye kadi! Tunamwamini akisema umepiga mapigo 5 badala ya 4, kwa nini tusimwamini akisema umeacha kishimo? Wengine wanahofia adhabu itawarudia makedi. Hofu hiyo naielewa sana, ndiyo maana nataka mwongozo utamke wazi kwamba pigo ni la mchezaji, na kedi asikatwe posho wala asisimamishwe kwa ajili yake. Kedi akitaka kusaidia, asaidie, ila deni si lake.

Sijaamua bado kuhusu wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka, ambao huenda hawajawahi kuonyeshwa kiuma kinashikwaje. Waonywe kwanza, au pigo liwe pigo kwa wote? Na ninyi mnaopinga adhabu kabisa, klabu yenu inafanya nini ambacho kimefanya wachezaji wainame?