Historia ya uchaguzi ya jimbo la Tanga Mjini ianzie mwaka gani?

Mwalimu wa Makorora:

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu wa Tanga.

Ninafundisha uraia na historia katika shule moja ya sekondari hapa mjini, na mwezi ujao wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wataandaa bango kubwa la historia ya uchaguzi katika jimbo letu la Tanga Mjini. Tumekwama mwanzoni kabisa. Kundi moja linataka kuanza na mwaka 1995, kwa hoja kwamba kabla ya hapo chama kilikuwa kimoja na hapakuwa na uchaguzi wa kuhesabika. Kundi la pili linataka kuanza 1958, kwa sababu limekuta jina la Tanga miongoni mwa majimbo yaliyopiga kura ya kwanza ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Mimi nimezaliwa 1990, na orodha niliyo na uhakika nayo ni fupi: Harith Mwapachu wa CCM, aliyekuwa mbunge wetu hadi 2010, Omari Nundu wa CCM, 2010 hadi 2015, Mussa Mbarouk wa CUF, 2015 hadi 2020, na Ummy Mwalimu wa CCM, aliyechaguliwa 2020. Nikiyatazama majina haya manne ubaoni, naona yananing'inia tu, kwa kuwa siwezi kuwaeleza watoto ni mti gani umeyazaa. Naomba kuelimishwa katika mambo mawili: je, Tanga ya 1958 ndiyo hii Tanga Mjini yetu? Na katika miaka ya chama kimoja, mpiga kura wa Ngamiani au Chumbageni alikuwa na uchaguzi gani hasa mkononi mwake?

Mzee wa Barabara ya Nane:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza jambo lililonifanya nikae kitako.

Kosa la kundi lako la pili linatokana na neno lenyewe. Siku hizi tukisema jimbo tunakusudia eneo linalotoa mbunge mmoja. Wakati wa Mwingereza, jimbo lilikuwa kile tunachokiita sasa mkoa: Jimbo la Tanga, Jimbo la Mashariki, Jimbo la Ziwa. Kwa hiyo Tanga iliyopiga kura mwaka 1958 ilikuwa Tanga nzima, bandari na mashamba ya mkonge, Pangani na milima ya Usambara kwa pamoja, na ilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nchi iligawanywa katika maeneo kumi ya namna hiyo, matano yakapiga kura Septemba 1958, Tanga ikiwemo, na matano yaliyobaki yakafuata Februari 1959.

Sharti lililowachoma watu ni kwamba kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa kila rangi, na asiyetimiza zote tatu kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliandikishwa. Ilimpasa mtu awe na umri wa miaka 21, na juu ya hapo awe na elimu iliyotajwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kazi iliyokubaliwa na sheria. Marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini. Alibeba robota za mkonge begani tangu ujana wake, na mkonge huo ndio uliojenga mji huu, lakini siku ile ya kura alibaki barazani akiwatazama makarani wakipita na mashati yao yaliyopigwa pasi.

TANU ilikaribia kupasuka kwa ajili ya sharti hilo la kura tatu. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikubali kushiriki, na waliokataa wakajitenga pamoja na Zuberi Mtemvu wakaunda chama chao, African National Congress. Wazee wa hapa husimulia kwamba kabla ya Tabora, Mwalimu Nyerere alikuja Tanga, wakakutana Mnyanjani, wakashauriana na kuomba dua pamoja na watu kama Sheikh Abdallah Rashid Sembe. Nimelisikia simulizi hilo tangu utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba mbalimbali ambao hawakuwa na sababu ya kupanga maneno, nami naliamini. Waambie wanafunzi waliandike kama simulizi ya wazee, na wasilitupe.

Sasa kundi lako la kwanza. Si haki kusema kwamba kabla ya 1995 hapakuwa na uchaguzi. Mwaka 1960, ni kweli, sehemu kubwa ya nchi haikupiga kura: viti vilikuwa 71, wagombea 58 wakapita bila kupingwa, na TANU ikapata viti 70. Lakini mwaka 1965 mambo yaligeuka. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili, na kila mmoja alipewa alama, huyu jembe na huyu nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Walipanda jukwaa moja, wakatumia Kiswahili peke yake, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Baba alirudi nyumbani siku ile, akatuita watoto wote uani, akachora kwa kijiti mchangani jembe upande huu na nyumba upande huu, kisha akatuonyesha namna alivyoweka alama yake. Hakutuambia aliiweka wapi. Mama alimuuliza mara mbili, akacheka, akafuta mchanga kwa unyayo. Ilikuwa kura yake ya kwanza ya kumchagua mbunge kati ya watu wawili, na mtu huyo wewe unamwambia kwamba hapakuwa na uchaguzi?

Wakubwa nao waliangushwa. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, na mwaka huo huo wa 1965 wapiga kura wa kwao Mwanza walimkataa.

Bint Msambweni:

Shikamoo, Mzee. Nimekusoma kwa heshima, na habari ya kijiti mchangani imenigusa sana. Hata hivyo naomba niongeze upande wa pili, kwa sababu bango la wanafunzi litasomwa na watu wengi.

Wale wagombea wawili hawakutoka kwa wapiga kura moja kwa moja. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura waombaji, majina yakapelekwa juu, na Halmashauri Kuu ya Taifa ndiyo iliyoamua nani wawili warudi kwa wananchi, ikiwa na uwezo wa kumwacha hata yule aliyeongoza wilayani. Kwa upande wa urais, mpiga kura alikuwa na jina moja tu la kulikubali au kulikataa. Utaratibu huo uliendelea, kwa mabadiliko ya hapa na pale, mpaka 1990, na ndani ya kipindi hicho TANU na ASP ziliungana Februari 5, 1977 kuwa CCM. Naona ni sawa kuuita uchaguzi, lakini mwanafunzi aelezwe pia ni nani aliyeshika mlango.

Kuhusu 2015 naweza kusema nililoliona, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliosimamia kituo kimoja hapa mjini Oktoba 25. Tulimaliza kuhesabu usiku, umeme umekatika, na mawakala wa vyama walikuwa wamenizunguka wakimulika meza kwa simu zao. Kila karatasi niliinyanyua juu ili wote waione, na palipokuwa na ubishi kuhusu alama iliyogusa mstari, tuliiweka kando, tukairudia mwishoni kwa utulivu. Fomu namba 21B, ambayo ndiyo ya matokeo ya ubunge, ilisainiwa na mawakala wote, na nakala tukaibandika nje ukutani. Watu walikuwa wamekaa chini mpaka saa ile wakiisubiri. Kijana mmoja aliisoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, na walio nyuma wakarudia baada yake.

CUF ilipotangazwa mshindi wa jimbo, baadhi ya watu nje ya Tanga walishangaa. Waliokaa vijiweni na mabarazani hapa hawakushangaa hata kidogo. CUF ilikuwa imejenga matawi kwa miaka mingi katika kata za mjini, na mwaka ule vyama vinne vya UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikubaliana kuachiana majimbo, hivyo kura za upinzani hazikutawanyika kama ilivyozoeleka. Baada ya 2016 CUF yenyewe iligawanyika kati ya upande wa Profesa Lipumba na upande wa Maalim Seif, na Machi 2019 Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo pamoja na wafuasi wengi. Huwezi kueleza 2020 katika jimbo hili bila kuupitia mpasuko huo, ingawa si sababu pekee.

Mvuvi wa Tongoni:

Ninaongeza jambo moja tu, la mipaka, kwa kuwa sisi wa pembezoni husahaulika. Jina ni Tanga Mjini, lakini jimbo linafika Tongoni, Kirare, Pongwe, Mabokweni na Chongoleani, kwenye minazi, mihogo na ngalawa. Tanga ilipopandishwa kuwa Jiji mwaka 2005, jimbo lilibaki na jina lake na mbunge wake mmoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji hili. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuchunguza mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia mambo kama njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Mwalimu, wachoree wanafunzi ramani, na wapake rangi kata za pwani na za mashamba, kwa maana mgombea anayehutubia Ngamiani peke yake hajafika nusu ya safari.

Tena tazama orodha yako. Mwapachu aliongoza Wizara ya Usalama wa Raia, Nundu alikuwa Waziri wa Uchukuzi hadi 2012, na Ummy Mwalimu ameongoza Wizara ya Afya na TAMISEMI. Jimbo letu limezoea kuwa na waziri. Huku kwetu gati likivunjika mtu huuliza mbunge yuko wapi, akaambiwa yuko Dodoma kwa kazi za taifa, na jibu hilo, hata likiwa la kweli, halimsaidii mwenye ngalawa. Ukitaka kuelewa kwa nini watu walimchagua Mbarouk, usiliache hilo nje ya bango.

Mwalimu wa Makorora:

Shikamooni wote, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Nimeyasoma haya darasani leo asubuhi. Tumekubaliana kwamba bango litaanza 1958, lakini sehemu hiyo itakuwa na ramani yake ya Tanga ya kale na maelezo ya neno jimbo, ili msomaji asidhani ni eneo lile lile. Miaka ya 1965 hadi 1990 itakuwa na alama za jembe na nyumba, na chini yake maneno ya Bint Msambweni kuhusu Halmashauri Kuu. Majina ya wagombea wa Tanga wa miaka hiyo tutayatafuta kwa wazee waliopiga kura wenyewe, kata kwa kata, tukianza na Tongoni.

Mzee, wanafunzi wawili wameomba kuja kwako Ijumaa baada ya sala, na daftari. Wanataka kwanza kukuuliza kama unakumbuka ni nani alikuwa jembe na ni nani alikuwa nyumba.