Kadi ya mkopo yenye pointi za safari kwa familia inayokwenda Dar es Salaam kutoka Houston

MamaWaWawili_Houston ameuliza:

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu. Mimi na mume wangu tunaishi Houston na watoto wetu wawili, na kila tunapopanga kwenda kuwaona wazazi Dar es Salaam, nauli ya watu wanne ndiyo inayotukwamisha. Fedha zetu nyingi huishia kwenye chakula cha nyumbani, mafuta ya gari na ada ya chekechea, na yote hayo tunayalipa kwa kadi ya kawaida ya benki ambayo haitupi pointi yoyote. Historia yetu ya mikopo ni nzuri na hatuna deni la kadi. Nimezilinganisha kadi mbili za mkopo, Sapphire Preferred ya benki ya Chase na Venture ya benki ya Capital One, ambazo kila moja ina ada ya dola 95 kwa mwaka, lakini bado sijaelewa ni ipi inayomfaa mtu ambaye safari yake ni ya Afrika Mashariki.

Mkwezi_Minneapolis amejibu:

Dada, ningekushauri uanze na njia ya kufika nyumbani, kisha ndipo uitafute kadi. Kutoka Houston unaweza kupitia Amsterdam kwa KLM, Istanbul kwa Turkish Airlines au Doha kwa Qatar Airways, na mashirika yote matatu yanafika Dar es Salaam. Pointi za kadi zote mbili ulizozitaja zinahamishika kwenda Flying Blue, ambao ni mpango wa pointi wa Air France na KLM, na pia kwenda Aeroplan wa Air Canada, ambao unaweza kukukatia hata tiketi ya Ethiopian Airlines kwa sababu mashirika hayo mawili yako pamoja katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Capital One inakuongezea mpango wa Turkish Airlines, ambao Chase haina.

Hata hivyo, viti vya pointi huwa vichache, hasa Desemba na wakati shule zimefungwa, nanyi mnahitaji vinne katika ndege moja. Usihamishe pointi kabla hujaviona viti hivyo, kwa sababu zikishahamia kwenye shirika la ndege hazirudi tena benki. Tena, tiketi ya pointi haiwi bure kabisa, kwani kodi na tozo utazilipa kwa fedha taslimu.

Hesabu_Kwanza amejibu:

Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila kwa matumizi aliyoyaeleza dada, mimi naona Venture inamfaa zaidi. Sapphire Preferred hutoa pointi 3 kwa kila dola ya mgahawani, lakini mafuta ya gari na chekechea huambulia pointi 1 tu, ilhali Venture hutoa maili 2 (ndivyo Capital One inavyoziita pointi zake) kwa kila dola, popote unapoitumia. Familia inayotumia dola 2,500 kwa mwezi itapata maili 60,000 kwa mwaka. Viti vya pointi vikikosekana, maili hizo zinaweza kufidia tiketi ya kawaida kwa kiwango cha senti 1 kwa maili, yaani dola 600, nawe utakuwa umenunua kwa shirika lolote linalouza kwa bei nafuu.

Waulize kwanza chekechea kama wanaongeza tozo kwa malipo ya kadi. Wakidai asilimia 3, utalipa dola 3 za ziada kwa kila dola 100 ili upate maili zenye thamani ya dola 2, na hiyo ni hasara iliyo wazi.

Mjomba_wa_Tanga amejibu:

Mwanangu, naongeza jambo moja kwa sababu wengi wetu tunatuma fedha nyumbani. Usizitume kwa kadi hiyo. Benki nyingi huhesabu muamala wa namna hiyo kuwa ni kutoa fedha taslimu, kwa hiyo hakuna pointi, kuna ada, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Vilevile, panga malipo ya deni lote yakatwe yenyewe kila mwezi kutoka kwenye akaunti yako, kwani riba ya kadi hizi mara nyingi huvuka asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna pointi zinazoweza kuifidia.

Bonasi ya kujiunga, yaani pointi za ziada anazopewa mteja mpya, kwa kawaida hudai utumie maelfu ya dola ndani ya miezi 3 ya mwanzo, hivyo omba kadi pale ambapo gharama kubwa tayari iko njiani, kwa mfano bima ya gari ya miezi 6 au tiketi zenyewe.

MamaWaWawili_Houston amejibu:

Nawashukuru sana. Chekechea wamethibitisha kwamba wanatoza asilimia 3, kwa hiyo ada yao itabaki kwenye kadi ya benki, na Venture nitaiomba Agosti, kabla ya kulipia bima ya gari.