Chama kinapinga ujamaa, sheria inakilazimisha kiuapie ujamaa. Hii India vipi?

Wakuu mnisamehe, leo nimeamka na hasira.

Hivi mnajua India ukitaka kusajili chama, katiba ya chama chako lazima iandikwe kabisa kwamba kitakuwa na imani na utii kwa ujamaa? Utii jamani, sio kuheshimu tu.

Sasa chukua Swatantra, chama cha mzee Rajagopalachari. Mwaka 1959 Congress, chama tawala enzi hizo, walikaa mji wa Nagpur wakapitisha azimio la kilimo cha ushirika, mzee ana miaka 80, alishakuwa Gavana Mkuu wa India nzima, badala akae nyumbani acheze na wajukuu akaungana na wanasiasa wenzake kina Masani na Ranga wakaanzisha chama cha kupinga hayo mambo, maana enzi hizo kufungua kiwanda kibali, kukipanua kibali, kuagiza mashine nje kibali tena. 1967 nyota yao, yaani alama yao ya kura, ikawapa viti 44 bungeni, wa pili nyuma ya Congress. 1971 wakabaki na 8, 1974 wakamezwa kwenye chama cha mwanasiasa mwingine, Charan Singh. Hapo walipigwa kwa kura, sina neno.

Kinachoniuma ni hiki. 1976, serikali imetangaza hali ya hatari, wapinzani kibao wapo lupango, ndo neno ujamaa likachomekwa kwenye utangulizi wa katiba. Mwishoni mwa miaka ya 80 likahamia sheria ya usajili wa vyama. Kwahiyo masalia wa Swatantra wakitaka kurudi ulingoni wachague, wale kiapo cha uongo au wakae nje. Walienda mahakamani Bombay miaka ya 90, kesi ikalala weeee.

Na Congress haohao 1991 ndo waliofuta vibali vya viwanda vingi, mbona hawakuambiwa wamevunja kiapo?

Novemba 2024 Mahakama ya Juu ikagoma kulitoa neno kwenye utangulizi, eti ujamaa kwao ni serikali kujali ustawi wa watu, haumzuii mtu binafsi kufanya biashara. Haya, kama ni laini hivyo unamwapisha mtu wa nini?

Na wale mtakaosema Swatantra "kilikuwa chama cha mamaharaja", yaani wafalme wa kijadi wa India, ndio walikuwemo, Gayatri Devi wa familia ya kifalme ya Jaipur alishinda ubunge kwa tiketi yao 1962, so what? Aliyesoma sheria ya vyama aje anijibu hilo la kiapo, wa matusi pita kushoto.