Msaada: Canon 2000D mpya, 700D mtumba au Nikon D3500 kwa kazi ya harusi na kwanjula?

kijana_wa_jinja:
Habari zenu wakubwa. Niko Jinja, nimekuwa napiga picha kwa simu kwenye shughuli za kanisani na besdei za watoto, sasa watu wameanza kuniita mpaka kwenye kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, na simu imefika mwisho wake, giza likiingia kidogo tu nyuso zinavurugika. Nina shilingi milioni moja na nusu za Uganda, hapo itoke kamera, lenzi, memori kadi na flashi kama itawezekana. Kampala wamenipa bei hizi: Canon 2000D mpya na lenzi ya 18-55 ni 1,450,000, Canon 700D mtumba na 18-55 ni 950,000, Nikon D3500 mtumba ni 1,200,000. Muuzaji ananisukumia 2000D eti ni mpya na ina megapikseli 24 wakati 700D ina 18. Na wateja wangu wanataka video ya wazee wakiongea. Nichukue ipi?

mzee_wa_shata:
Karibu mdogo wangu. Megapikseli zisikuchanganye, 18 inaprinti karibu A3 safi kabisa, nenda Nasser Road, mtaa wa waprinti pale Kampala, uwaulize. Hiyo 2000D kwa kazi yako mimi nakukataza. Haina tundu la maiki ya nje, skrini haigeuki, na ukiinunua hela imekwisha hata ya flashi hujabaki nayo. Halafu angalia pale juu flashi inapochomekwa, kuna pini ndogo ya katikati ndiyo inayowasha flashi yoyote ya bei nafuu, 2000D nyingi hazina hiyo pini, utalazimika kutafuta flashi zinazoendana na Canon tu. 700D ni ya 2013 lakini pini ipo, tundu la maiki lipo, skrini inageuka na unaigusa kwa kidole.

nikon_milele:
Na mimi niongee. D3500 betri yake moja ukiichaji inafika picha 1,550 kwa kipimo cha kiwanda, 700D ni 440 hivi. Umeme ukikatika siku nzima utanikumbuka. Sensa yake, ile sehemu inayonasa picha, pia ni nzuri kuliko ya 700D kwenye giza, hilo liko wazi. Ila kweli haina tundu la maiki, kwa hiyo kama video ni lazima tafuta D5300, hiyo inalo na skrini inageuka, na pointi za fokasi ni 39 wakati hizo Canon zote mbili zina 9. Kitu kimoja tu cha kuangalia, hizi Nikon ndogo hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi ukiona imeandikwa AF-D iache, utabaki unazungusha kwa mkono. Chukua AF-S. Na ukiambiwa D3500 ni mpya uliza vizuri, Nikon walishaacha kuitengeneza.

dada_mwanga:
Jamani mnabishania bodi na kijana anaenda kupiga kwanjula! Kaka, fikiria wanaume wa upande wa bwana harusi wamejipanga na kanzu nyeupe na makoti, kamera ikiona nyeupe nyingi hivyo inapunguza mwanga yenyewe, kanzu zinatoka vizuri na nyuso zinazama kabisa huoni hata macho. Hakuna kamera kati ya hizo tatu itakayokuokoa hapo kama hujui kuongeza eksposha, yaani kuiambia kamera iingize mwanga zaidi, anza na +1 uangalie. Nunua ile ya bei ya chini, hela inayobaki weka kwenye flashi. Ielekeze juu isiwapige watu usoni, hema likiwa jeupe mwanga unarudi laini kabisa. Likiwa limepambwa vitambaa vya bluu au kijani usielekeze juu, watu wote watatoka na rangi hiyo na kuirekebisha ni kazi ya usiku kucha.

mzee_wa_shata:
Dada amesema. Mimi ningeanza na lenzi ya 50mm f/1.8 lakini. Ile 18-55 ukivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), 50mm inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo.

dada_mwanga:
Mzee nakuheshimu ila 50mm kwenye hizi sensa ndogo za Canon inakuwa kama 80mm, yaani inavuta karibu zaidi, ndani ya hema lililojaa watu atarudi nyuma mpaka wapi? Na kwa f/1.8 bibi anakuwa wazi, shangazi pembeni yake ana ukungu. Flashi kwanza. Lenzi ainunue akilipwa, itamfaa kanisani maana kuna mapadri hawataki flashi kabisa.

kijana_wa_jinja:
Asanteni sana, kwa kweli nilikuwa natoa hela kesho. Naelekea 700D. Mtumba naukaguaje? Na hotuba ikiwa ndefu, video inashika mpaka mwisho?

mzee_wa_shata:
Haishiki, inajizima kabla ya dakika 30, kwa hiyo wasemaji wakibadilishana simamisha uanze upya. Sauti ukikosa hela ya maiki mwekee msemaji simu mfukoni irekodi, utaunganisha nyumbani. Kukagua: toa lenzi, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, ukiona nyuzinyuzi kama za buibui hiyo ni fangasi, usichukue hata wakikupunguzia. Weka f/16 upige picha ya anga tupu, madoa yakionekana sensa ni chafu, inasafishwa lakini bei ishuke. Nenda na kadi yako, na uombe wakuchomekee flashi na maiki uone vinafanya kazi.

nikon_milele:
Na idadi ya shata, yaani kamera imeshapiga picha ngapi, Nikon inaandikwa ndani ya picha yenyewe, hizo Canon ndogo inabidi uchomeke waya kwenye kompyuta yenye programu yake. 700D shata yake inakadiriwa kwa picha 100,000, ikiwa imeshafika 80,000 mwambie muuzaji, ssebo, hiyo si bei ya 950,000. Betri ya pili uliza LP-E8, ile ya 2000D haiingii.

kijana_wa_jinja:
Sawa, naenda na dada yangu ana laptopu. Flashi kwanza, lenzi baadaye.