Ushauri: Nataka kumrudisha mdogo wangu Bongo, ndege gani nafuu?

KijanaWaTegeta: Wakuu habari za muda huu. Naishi Leicester, Uingereza, na mdogo wangu. Alikuja 2023 kwa viza ya kutunza wazee. Siku hizi hapati usingizi kabisa. Akitoka shifti ya usiku anakaa jikoni na koti lake, hataki taa iwashwe, simu ya mama haipokei. Nataka akapumzike nyumbani. Ndege gani nafuu kwenda Dar?

MamaUpendo: Poleni. Mwekeni kwenye maombi. Mtu hachanganyikiwi hivi hivi, kuna mkono wa mtu hapo.

MbebaBoksi: Mama, niko Minnesota, huku mkono wa mtu ni baridi, kulala mchana, na ndugu wanaodhani tunaokota dola. Mwaka 1932 daktari Ødegaard alionyesha Wanorwe waliohamia hapa hapa Minnesota walilazwa kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona watu wanakuandama, zaidi ya wenzao waliobaki kwao. Na wao walirogwa? Mimi mwenyewe nilifika mahali naongea na friji.

NesiWaZamu: Mkuu, hujasema yote. Kukosa usingizi tu hakumkatishi mtu tiketi. Anasikia sauti?

KijanaWaTegeta: Ni uchovu tu, anapiga shifti mfululizo.

NesiWaZamu: Jibu swali.

KijanaWaTegeta: Anasema wenzake kazini wanamjadili kwenye redio. Mwezi wa pili alilazwa, akatoka na vidonge. Nimevificha. Msinihukumu! Vilimfanya asinzie kazini, na mwajiri ndiye mdhamini wa viza. Akiachishwa anapewa siku 60 apate mwingine. Shamba la baba limeuzwa kumlipa wakala. Na tiketi nimeshalipia nusu.

MzeeWaKahawa: Shamba zima kwa wakala? Mlipigwa.

ChumaChaPua: Chai hii, tena haina tangawizi. Nimefukua nyuzi zake: 2022 akaunti hii ilikuwa inauza gari aina ya Noah, Tegeta. Leo iko Leicester na "mdogo wake"?

KijanaWaTegeta: Akaunti ni ya kwake. Noah aliuza yeye, ikawa nauli. Mimi ni dada yake. Simu amenipa, anasema inamsikiliza.

ChumaChaPua: Pole dada. Nimekoma.

NesiWaZamu: Dada, hali hiyo usimpandishe ndege. Kukatishwa dawa ghafla ndiko kunakomrudisha mtu wodini. Daktari hampelekei mwajiri siri za mgonjwa bila ridhaa yake, na kwa viza ile anatibiwa bure. Piga 111, namba ya ushauri wa afya huko Uingereza, chagua 2 ya afya ya akili, usiku huu huu. Akishatulia, akitaka kurudi kwa hiari yake, aondoke na barua ya hospitali, Muhimbili wana wodi ya magonjwa ya akili.

KijanaWaTegeta: Akinisikia napiga ataniona na mimi niko nao hao wa redioni.

NesiWaZamu: Mwambie kabla hujapiga, usipige kwa kujificha. Hao wa 111 waeleze dawa aliacha lini, na usimrudishie dozi mpaka wakuelekeze. Waombe mkalimani wa Kiswahili, hawatozi kitu. Aongee mwenyewe, usimjibie.