Mafundi wa mabwawa ya bustani Dodoma, mnatuulia samaki halafu mnasingizia maji ya chumvi!

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tulinunua nyumba huku Ilazo, ina bwawa la saruji uani, lita 4,000 hivi. Mwenye nyumba wa kwanza alilitelekeza kabisa: majani ya mwarobaini yamejaa chini, tope jeusi linanuka yai viza, maji ya kijani huoni kitu. Lakini samaki walikuwemo! Sato na perege, wamezaliana humo bila kulishwa na mtu, wanajilia mwani na viluwiluwi vya mbu. Hao ndio nilitaka waishi pasafi.

Nikapata fundi. Maneno matamu, picha kibao kwenye simu, chemchemi zenye taa. Nikampa malipo ya awali, nikaenda zangu kazini Mtumba.

Jioni narudi, bwawa limemwagwa lote. Kuta zimesuguliwa kwa jiki zinang'aa. Sponji ya chujio imeoshwa kwa maji ya bomba ikawa nyeupe pee. Nyufa zimezibwa kwa saruji mbichi, maji ya bomba yamejazwa, samaki wamerudishwa. Siku hiyo hiyo! Na juu yake kaongeza mrututu, "kuzuia ukijani, mama". Tope lote, ambalo ni mbolea safi kabisa kwa mchicha wangu, kaenda kulimwaga mbele ya geti la jirani.

Asubuhi samaki wanaelea tumbo juu. Nampigia simu, ananijibu: "Mama, haya maji ya Dodoma yana chumvi, samaki hawayawezi." Halafu anaulizia hela iliyobaki.

Chumvi! Kwani waliokuwemo miaka yote walikuwa wanaletewa maji ya chupa? Ni kweli maji ya visima vya Mzakwe, vinavyolisha mabomba ya mji huu, ni magumu, kila mwenye birika hapa mjini anaujua ule utando mweupe. Lakini sato na perege wanavumilia chumvi kuliko samaki wengi wa maji baridi. Chumvi haiui bwawa zima usiku mmoja.

Kilichoua ni hiki. Saruji mbichi inatoa chokaa, na pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wake, inaweza kupanda hadi 11 na zaidi, wakati sato anataka kati ya 6.5 na 9. Aliyewahi kukoroga zege kwa mikono mitupu anajua inavyochoma. Sasa fikiria mashavu ya samaki. Zege jipya unaliacha likomae, unajaza maji, unayaacha siku kadhaa, unamwaga, unarudia, ukiwa na siki unasuuzia kuta, na unapima pH kabla samaki hajagusa maji. Klorini ya bomba nayo unaiacha itoke, siku moja mbili juani pampu ikirusha maji. Na mrututu? Ni shaba hiyo! Huo ni wa kupimwa kwa gramu na mtu anayejua, siyo wa kutupia kwa kiganja kama chumvi ya mboga.

Linaloniuma zaidi ni ile sponji. Ule uchafu wa kahawia ndio nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia ya mkojo na kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho na sumu kali. Unaisuuza kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, basi. Ukiwaua, kuwarudisha ni kazi ya wiki nyingi. Ndiyo maana bwawa la zamani halimwagwi lote: sehemu ya maji ya zamani unaitunza kwenye tenki, samaki wanakaa humo wakipulizwa hewa, tope unalitoa, kisha unawarudisha bwawani taratibu.

Akaja wa pili. Huyu kashauri niweke kambale, eti atakula ukijani. Kambale atakula vifaranga vya sato! Kisha akataka kuniletea gugu maji, lile lile lililosumbua Ziwa Victoria. Nikamsindikiza hadi getini.

Ukijani wa Dodoma unaletwa na jua na kinyesi. Weka mayungiyungi yafunike nusu ya maji au tandaza neti ya kivuli, lisha kile wanachomaliza ndani ya dakika tano, ukijani utapungua. Na kama kweli una wasiwasi na chumvi, jua linakausha maji huku chumvi inabaki, kwa hiyo usiwe unaongezea tu: kila wiki chota kiasi, mwagilia bustani, ndipo ujaze. Hakuna fundi hata mmoja aliyeniambia hili.

Mwenye kumjua fundi wa kweli hapa mjini anitajie. Sharti moja: kabla hajashika ndoo aniambie maji ya zamani atayahifadhi wapi.

Na wewe kijana, kama unasoma hapa: hela iliyobaki huipati. Njoo na koleo uondoe lile tope getini kwa jirani, mzee wa watu kila siku ananigongea.